"Rangi ya Asili" Si Cheti cha Ubora

Wasee wa krosheti, tukae chini kidogo. Nani alituambia ati uzi wa sufu uliotiwa rangi ya asili ni lazima uwe bora kuliko wa kiwandani? Mimi niliamini hiyo stori na nikailipia. Nilichukua oda ya kofia, nikanunua uzi wa njano mtamu ajabu, muuzaji akaapa: "Hii ni asili, haitoki." Wiki chache baadaye mteja ananitumia picha. Juu, pale jua hupiga, kofia imekuwa rangi ya uji. Na alipoifua na sabuni ya kipande, ikatoka mabaka mekundu. Nilirudisha pesa yote.

Ilikuwa bizari. Si mchuzi ukimwagikia shati, ukapaka sabuni ya kipande, doa hugeuka jekundu? Ni hiyo hiyo. Bizari inang'aa na bei yake iko chini, lakini jua huila. Itumie kwa pambo la ukutani, mbali na dirisha. Kofia, zii.

Sisemi zote ni dhaifu. Nili huvumilia jua, ingawa isiposuuzwa vizuri itakupaka buluu vidoleni ukifuma. Nyekundu ya kochinili pia hukaa, na hiyo hutoka kwa wadudu wa kwenye mpungate, so mnaotaka mimea tu, poleni.

Kwa hivyo uliza: rangi imetoka kwa nini? Ilishikishwa na shabu ama na nini? Ukijibiwa "ni asili tu", funga pochi. Ukishanunua, zungushia uzi kidogo kwa kadibodi, funika nusu, uweke dirishani wiki mbili. Halafu usugue na kitambaa cheupe chenye maji. Na nunua wa kutosha mara moja, sababu sufuria ijayo haitatoa rangi ile ile.

Na nyinyi mnaocheka watu wa akriliki, hebu fikirieni blanketi la mtoto. Linafuliwa karibu kila siku. Sufu ya kawaida ukiisugua kwa maji moto hujikunja, ikawa ngumu kama kapeti. Mama aliyejifungua juzi, hajalala, ndiye mnataka aifue polepole kwa maji baridi ndio muonekane mnajali mazingira? Mfumieni na pamba. Ama hiyo akriliki.

Mimi bado nanunua sufu ya asili. Sahi niko na shali ya nili, ya kuvaa jioni, nusu imeisha. Kofia za wateja nafuma na akriliki, na sioni haya.