Kiwanuka alimwachia mpinzani, timu haikumwachia yeye

UKIKAA kwenye vijiwe vya kahawa pale Bukoba mjini, mjadala ni ule ule tangu Kagera Sugar ishuke daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Uwanja wa Kaitaba uliozoea kuwapokea Simba na Yanga umebaki na Championship, na kila mtu ana mchawi wake. Wapo wanaoulaumu usajili, wapo wanaomlaumu kocha, wapo wanaosema tumerogwa tu.

Kijana mmoja aliyetokea Kamachumu, kule Muleba, akarusha swali lililotunyamazisha kidogo. Alisema, "Wazee wangu, mkoa huu una vijana warefu, wana mbio, wana nguvu. Mbona hatuwaoni wakifika mbali?" Mzee mmoja akamjibu harakaharaka: "Kipaji kipo, mjukuu wangu. Bahati ndiyo hatuna."

Jibu hilo ni tamu, ila mimi silikubali. Na wa kunisaidia kulipinga ni mtu ambaye wengi pale kijiweni hawajawahi kumuona akicheza, tena kwenye mchezo tusioufuatilia huku: Mathias Kiwanuka wa mpira wa Kimarekani.

Jina hilo siyo geni kwa watu wa Kagera. Ukipanda gari Bukoba, ukavuka mpaka pale Mutukula, unafika Masaka. Huko ndiko kwao Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu. Septemba 1972 waasi wa Obote waliingia Uganda kupitia Mutukula wakitokea kwetu, na ndege za Idi Amin zikaja kuishambulia Bukoba. Siku hizo hizo, tarehe 21, askari wa Amin walimkamata Jaji Mkuu pale Mahakama Kuu Kampala, na hakurudi tena. Mathias ni mjukuu wake. Alizaliwa Machi 8, 1983 huko Indianapolis, Marekani, ambako wazazi wake walikuwa wamehamia.

Sasa tuingie uwanjani. Kwa msomaji wa soka, mpira wa Kimarekani hauna ugumu mkubwa. Kila upande una watu 11. Timu inayoshambulia inapewa majaribio manne kusogea yadi 10, yaani kama mita tisa hivi. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Injini ya ushambuliaji ni mrusha mpira, wenyewe humwita kwotabeki. Kazi ya Kiwanuka, mtu wa futi sita na inchi tano, ilikuwa kumkimbilia huyo kwotabeki na kumwangusha kabla hajautoa mpira.

Alianza sekondari, Cathedral High School hapo hapo Indianapolis. Akaenda chuo kikuu cha Boston College, akacheza hadi 2005 na kuondoka akiwa ameweka rekodi ya chuo ya kuwaangusha kwotabeki. Mwaka 2006 New York Giants walimchagua wa 32, nafasi ya mwisho ya raundi ya kwanza.

Hapa ndipo kisa kinapoanza. Novemba 26, 2006, akiwa bado mgeni kwenye ligi, Giants walikuwa ugenini kwa Tennessee Titans. Waliingia robo ya mwisho wakiongoza 21-0. Mechi imekwisha hiyo, au siyo? Titans wakarudi hadi 21-14, lakini wakabaki na jaribio lao la nne, wakihitaji yadi 10. Kiwanuka akamfikia kwotabeki Vince Young, akamkumbatia. Ilibaki kumlaza chini tu.

Akamwachia!

Alidhani Young ameshautoa mpira, akaogopa kuadhibiwa kwa kumchezea rafu mtu asiye na mpira. Kumbe Young bado anao. Jamaa akachomoka, akaendelea na safari. Titans wakasawazisha 21-21, kisha wakashinda 24-21. Kiwanuka akawa kichekesho cha Marekani nzima.

Nakuuliza wewe mwana Kaitaba: kijana wetu wa miaka 23 akifanya kosa kama lile dhidi ya Yanga, timu ikafungwa, wiki inayofuata atakuwa wapi? Tunajua wenyewe. Benchi, kisha jukwaani, kisha tetesi kwamba "alikula mlungula", na dirisha dogo likifunguliwa jina halipo.

Giants hawakumtupa. Msimu uliofuata walimbadilishia namba, wakamtoa mstari wa mbele na kumrudisha nyuma kidogo, akaanza mechi 10 za kwanza. Novemba 2007 akavunjika mguu. Februari 2008 wenzake waliingia fainali, Super Bowl, na kuwachapa New England Patriots 17-14, timu ambayo haikuwa imefungwa mechi hata moja msimu ule. Yeye hakucheza.

Akapona, akarudi, mwaka 2008 akacheza vizuri kuliko msimu wowote uliotangulia. Mwaka 2010 likaja tatizo la shingo, akaishia kucheza mechi tatu tu. Wengi wangemfuta hapo. Giants wakampa mkataba mwingine. Februari 5, 2012 walikutana tena na Patriots kwenye Super Bowl, wakashinda 21-17, na safari hii Kiwanuka alikuwa uwanjani. Mechi hiyo ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa.

Aliichezea timu hiyo moja misimu tisa, mpaka ilipoachana naye mwaka 2015.

Mzee wa kijiweni ataniambia, "Si umeona? Bahati hiyo." Hapana, mzee wangu. Bahati haimpeleki mtu aliyevunjika mguu kwa daktari, wala haimtafutii namba mpya ya kucheza. Kuna watu walioajiriwa kufanya kazi hiyo, na kuna klabu iliyopiga hesabu ikaona kwamba mchezaji iliyemgharamia ni mali, asitupwe kwa kosa moja.

Na kabla ya klabu kulikuwa na shule. Kwa sheria za ligi yao, NFL, huruhusiwi kuingia mpaka ipite miaka mitatu tangu umalize sekondari. Kwa hiyo karibu kila mchezaji hupitia chuo kikuu. Klabu inapomchukua, ina kumbukumbu zake zote: mechi alizocheza, majeraha aliyopata, makosa anayorudia. Timu zilizofanya vibaya ndizo huchagua mwanzo.

Sisemi kule ni peponi. Enzi za Kiwanuka vyuo viliingiza mamilioni ya dola huku wachezaji hawalipwi mshahara, na mchezo wenyewe umewaachia wastaafu wengi madhara ya ubongo. Wala simtumi kijana wa Muleba akatafute viza. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza mpira huo, na kufikia 2015 alikuwa ameachwa. Njia hiyo ipo, lakini ni nyembamba mno.

Ninachotaka tuchukue ni ule mnyororo wa shule, kumbukumbu na nafasi ya pili. Hapa Kagera kiungo cha kwanza tunacho. UMITASHUMTA ipo kwa shule za msingi, UMISSETA ipo kwa sekondari. Watoto wa Muleba wanacheza, wilaya inachagua, mkoa unachagua, basi linaondoka na nyimbo. Wakirudi? Kila mmoja anashuka na begi lake, anapanda bodaboda kwenda kijijini, na mwaka unaofuata tunaanza upya na sura nyingine. Nani ameandika kwamba yule beki wa kushoto aliumia goti? Nani amempigia simu mzazi wake?

Mzazi naye ana hoja. Akiambiwa mtoto aache kidato cha tatu akajaribiwe mjini, anajua akivunjika mguu hana timu wala cheti. Anamkatalia, na mimi siwezi kumlaumu. Kiwanuka hakulazimika kuchagua kati ya daftari na mpira mpaka alipofika chuo kikuu.

Dawa yake haihitaji fedha za Wamarekani. Chama cha soka cha mkoa na maofisa michezo wa wilaya waanze na daftari moja la wachezaji wa UMISSETA: jina, shule, namba, jeraha. Kagera Sugar iwachukue kumi katika hao kwenye timu yake ya vijana wakati wa likizo, wabaki shuleni muhula ukianza. Na kijana akikosea mechi moja, kocha apewe nafasi ya kumfundisha kabla viongozi hawajaomba kichwa chake.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kamachumu, swali lako lilikuwa zuri kuliko jibu ulilopewa. Kagera Sugar ikipigania kurudi Ligi Kuu, wenzetu watatazama msimamo wa ligi. Mimi nitaanza na orodha ya usajili, nihesabu wangapi wametoka shule za Muleba, Misenyi, Karagwe na Ngara. Wakiwa wawili au watatu tu, hata tukipanda daraja, tutarudi kijiweni kutafuta mchawi mwingine.