Serikali Nayo Ipige Hodi

Wako watu husema, "Asiye na kosa haogopi kupekuliwa." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi barazani hapa kwetu Ng'ambo, nami siyakubali. Usiku kila mtu hufunga mlango wake, wala hatusemi kwamba wenye nyumba ni wezi. Mgeni akija hupiga hodi, hata akiwa jirani wa miaka mingi. Hodi haimdharau mgeni. Humheshimu mwenye nyumba.

Haki hii si ya desturi peke yake. Kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 chahifadhi maskani ya mtu na mawasiliano yake ya binafsi pamoja. Kwa hiyo simu ni kama nyumba, na pengine zaidi, maana ndani yake mna barua, picha, fedha na safari za mwenyewe. Tena tangu Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, kujua laini fulani ni ya nani kumekuwa jambo jepesi.

Sisemi kwamba serikali isilinde nchi. Mwezi wa Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi hapa Unguja, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo wasichana wawili kutoka Uingereza walimwagiwa tindikali Mji Mkongwe. Yakitokea mambo kama hayo, hapana mwenye akili atakayetaka polisi wakae kimya, na huenda simu ya mshukiwa ikawa ndiyo ushahidi. Swali langu ni moja tu: nani atoe ruhusa ya kuifungua?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilimpa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru upekuzi na kuchukua kompyuta au simu, akiridhika yeye kwamba pana sababu. Yaani apigaye hodi ndiye ajijibuye "karibu". Hata akiwa mtu mwaminifu, si vyema mtu mmoja awe mchezaji na refa.

Labda msomaji atasema kwamba usalama wataka serikali ijue yote. Basi tutazame yaliyowapata wengine. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki walikuja Zanzibar. Walisaidia kujenga nyumba za ghorofa za Kikwajuni, na walisaidia pia kuunda idara ya usalama. Kwao wenyewe idara hiyo, iliyoitwa Stasi, ilifikia kuwa na watumishi wapatao 90,000, mbali na watoa habari wa siri, na mafaili yake yakipangwa yalizidi kilomita 100. Juu ya hayo, Ukuta wa Berlin ulifunguliwa mwaka 1989, na mwaka 1990 dola ile ikatoweka. Ilisikiliza kila neno, lakini haikupendwa wala kuaminiwa.

Kuaminiwa ndiyo ngao ya nchi. Mwizi akiingia mtaani, polisi hupata habari kwa watu, kwa sheha na kwa wazee wa baraza. Mtu aonaye kwamba simu yake yaweza kufunguliwa ovyo huogopa kusema hata lile analolijua.

Kwa hiyo naona yafaa mambo matatu. Kwanza, ruhusa itolewe na hakimu, kwa maandishi, pamoja na sababu na muda wake. Pili, pakiwa na hatari ya papo hapo polisi watangulie, lakini wamweleze hakimu katika saa 24. Tatu, upelelezi ukisha, mwenye simu aambiwe.

Nasi wanafunzi tuanze wenyewe kwa wenyewe: tusifungue simu ya mwenzetu bila ya idhini. Atakayekuwa polisi au hakimu kesho yumo madarasani humu leo, na adabu ya hodi hufunzwa mapema.