Chandarua si Sumu Pekee



Wasomaji wetu watukufu, katika masika yaliyopita tulijaaliwa kuwazuru ndugu zetu wa Kisii na Nyamira. Katika nyumba moja tuliyokaribishwa tuliona chandarua kimezungushiwa bustani ya sukumawiki ili kuzuia kuku. Mama mwenye nyumba, ambaye mkaza mwanawe ni mja mzito, alitujibu kwa upole: "Shehe, mbu wa siku hizi hawafi. Hutua juu yake, wakapumzika, wakaenda zao."

Aliyoyaona ni kweli. Aliloamua kwa ajili yake ndilo lililotutia hofu.

Ardhi ya Kisii na Nyamira kwa miaka mingi ilikuza pareto, ua jeupe ambalo Mola amelijaalia sumu ya kujikinga na wadudu. Wataalamu waliiga sumu hiyo: permethrini ilitengenezwa Uingereza mwaka 1973, na dawa za jamii yake ndizo zinazotiwa katika vyandarua. Dawa hiyo huinasa mishipa ya fahamu ya mdudu isipate kutulia, naye hutetemeka, hupooza, kisha hufa.

Basi mbu amewezaje kuishinda? Hakuizoea kama mtu azoeavyo pilipili. Miongoni mwa mbu wengi huwapo wachache waliozaliwa na tofauti ndogo. Wengine mishipa yao hainaswi na sumu; wengine miili yao huivunja kabla haijawadhuru. Wenzao wakifa, hao hubaki na kuzaana, na watoto hurithi ya wazazi wao. Mwaka 2000 watafiti walieleza badiliko la namna hiyo katika mishipa ya mbu wa magharibi mwa Kenya.

Si mbu peke yake. Humu humu Kenya yupo panya mwenye manyoya marefu ambaye hutafuna gome la msunguti, mti ambao wawindaji hupata kwao sumu ya mishale, kisha akajipaka mate yake ubavuni. Mbwa amng'ataye huenda akafa, na panya mwenyewe hadhuriki. Ametakasika Aliyeumba.

Je, tuvitupe vyandarua? La, hasha. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi tano, Kenya ikiwemo: walalao ndani ya chandarua waliugua malaria kidogo kuliko wasiolala, hata pale mbu walipokuwa sugu. Sumu ikidhoofika, kitambaa bado ni ukuta. Tena tangu mwaka 2017 Shirika hilo limependekeza, penye mbu sugu, vyandarua vyenye kiungo cha pili kinachomzuia mbu asiivunje sumu.

Wakazi wa milimani wana haja kubwa zaidi. Miili yao haina kinga kama ya watu waishio na malaria mwaka mzima, na maradhi yakizuka huwaangusha wakubwa kwa wadogo. Wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano ndio walio hatarini zaidi.

Kwa hiyo, mama zetu, shoneni matundu, kifueni chandarua kwa sabuni ya kawaida, na mkianike kivulini, kwani jua kali huiondoa dawa. Na dozi ya malaria imalizwe. Vimelea vya malaria navyo hufuata njia ile ile ya mbu: klorokwini, iliyotuponya utotoni, Kenya iliacha kuitegemea mwaka 1998 kwa kuwa vilikuwa vimeishinda.

Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumwondolei mja wajibu wa kushika sababu. Tulimweleza mama yule hayo yote, naye alisikiliza kimya. Kisha alifungua sanduku, akatoa chandarua kipya kilichokunjwa, akamwita mkaza mwanawe waende kukitundika.

Wabillahi tawfiq.