Jembe la Adhabu Si Elimu

Asiyeamini kwamba mikono ina akili na aje ufukweni Kibara asubuhi. Atamkuta fundi akiunga mbao za mtumbwi na kutia kalafati, naye akiulizwa chombo kitabeba magunia mangapi kabla ya kuzama, hujibu bila kuandika cho chote. Atawakuta akina mama wameanika dagaa, wakijua kwa kuwagusa tu kama wamekauka au watavunda ndani ya gunia.

Kisha aingie darasa la kidato cha kwanza katika sekondari nyingi za nchi yetu. Atamwona kijana anakariri kanuni ya Archimedes ya vitu vinavyoelea, neno kwa neno, kwa Kiingereza, na ndoo ya maji haimo darasani. Mtoto wa mvuvi, aliyelala boti tangu hajaota meno, anafundishwa kuelea kwa chaki!

Tukilalamika tunajibiwa: "Lakini shule zina mashamba, wanafunzi wanalima na kufyeka. Elimu ya vitendo si hiyo?" Hapana, si hiyo. Mimi nililima shuleni miaka minne. Nililima kwa sababu nilichelewa, nikafyeka kwa sababu nilizungumza Kiswahili, nikachota maji ya nyumba ya mwalimu kwa sababu ilikuwa zamu yangu. Hakuna siku hata moja niliyoulizwa kwa nini tulipanda mahindi wala si mtama, wala gunia liliuzwa kwa bei gani, wala fedha zilikwenda wapi. Kwenye ratiba kipindi hicho kiliitwa Elimu ya Kujitegemea. Nani alijitegemea hapo? Mwenye nyumba aliyeletewa maji.

Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama katika mkoa wetu huu huu wa Mara, alipoandika Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, hakuandika hayo. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi ya shamba lao, waamue, na waone faida na hasara ya walichoamua. Alionya pia kwamba vijana wanafundishwa kudhani maarifa yote yamo vitabuni na kwa waliosoma, huku ujuzi wa wazee wao ukidharauliwa. Tumelichukua jembe, kupanga na kuamua tumewaachia wakubwa.

Nawaelewa wazazi wasemao, "Sikumpeleka mwanangu sekondari akashike jembe, jembe analo nyumbani." Wana haki. Mkoloni naye alihubiri kilimo katika shule za kati za Waafrika miaka ya 1950, wakati shule zilikuwa zimegawanywa kwa rangi, na watoto wa Wazungu hawakuhubiriwa jembe hilo. Wazee wetu walinusa hila, wakadai vitabu. Walidai haki yao. Lakini kosa la mkoloni halikuwa kumpa Mwafrika kazi ya mikono; lilikuwa kumpa kazi hiyo na kumnyima hesabu na sayansi iliyo ndani yake. Sisi tuliojitawala, kwa nini tuendelee kuvitenga vitu hivyo viwili?

Mwaka 2014 Rais Kikwete alishikilia kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wananchi walichangishwa, wengine kwa fedha, wengine kwa mchanga na mawe. Nani asiyejua maabara iliyogeuka kuwa stoo ya madawati mabovu? Kuta tulijenga. Lakini vyombo, dawa na fundi wa maabara havitoki ukutani.

Sasa tumeletewa mtaala mpya, ulioanza Januari 2024, wenye mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali. Naupokea kwa mikono miwili, ila nina hofu moja, nayo naisema waziwazi. Tayari nasikia watu wakisema amali ni ya wale ambao "kichwa hakimo". Tukiruhusu usemi huo utie mizizi, tutakuwa tumejenga upya shule mbili, moja ya mabwana na moja ya watumishi, na safari hii bila mkoloni wa kumlaumu.

Watasema fedha hazipo. Ndoo ya maji, mizani ya sokoni na kipande cha ubao vinahitaji bajeti gani? Darasa lipime kilo kumi za dagaa wabichi, liwaanike nusu mchangani na nusu juu ya chanja, lipime tena kila jioni mpaka uzito usishuke. Hapo pana fizikia, baiolojia, hesabu na biashara. Fundi wa mitumbwi aitwe shuleni kama mwalimu, apewe kiti na chai, aulizwe maswali, na akosolewe pia anapokosea, maana hata fundi hukosea.

Basi kila tawi lililo na sekondari katika kata yake lifanye jambo moja kabla ya mwezi huu kwisha. Wanachama watatu, wazazi hasa, waende kwa mkuu wa shule kwa adabu, waombe kuonyeshwa maabara. Waulize ilitumika mara ya mwisho lini, na ufunguo anao nani. Majibu wayalete kwenye mkutano, yaandikwe katika daftari la tawi.