Sikio Halizoei Kelele, Linakufa



Katika vyumba vya kufuma nguo, viwanda vya mkonge na vya sukari, mfanyakazi mpya akilalamika juu ya kelele huambiwa neno moja: "Utazoea." Msimamizi husema hivyo, na sisi wenyewe huambiana hivyo. Neno hili ni la uongo, nalo linamfaa mwajiri peke yake. Tuangalie jinsi sikio linavyofanya kazi, ndipo tujue la kudai.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo huingia sikioni na kukipiga kiwambo, kama mkono upigavyo ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna mifupa mitatu midogo, ambayo huupeleka ndani zaidi, kwenye kijibomba kilichojaa majimaji na kujikunja kama nyumba ya konokono. Humo mna chembe hai zipatazo 15,000 katika kila sikio, na kila moja ina vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Majimaji yakitikisika, vinyweleo huinama, na habari hupelekwa ubongoni kwa mishipa ya fahamu. Ndivyo tunavyosikia.

Chembe hizo ndizo akiba yetu yote. Kelele kubwa ya kila siku huvichosha vinyweleo, kisha huviharibu, na mwisho chembe yenyewe hufa. Kuku akipoteza chembe hizo, huota nyingine. Binadamu haoti, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Kifaa cha kusikilizia hukuza sauti tu; hakifufui kilichokufa.

Basi anayesema amezoea, hakuzoea: amepoteza. Chembe za sauti nyembamba hufa kwanza. Ndiyo maana mtu huendelea kusikia ngurumo ya mashine lakini hayapati vizuri maneno ya mtoto wake. Nyumbani huonekana mkaidi. Mkutanoni hukaa kimya kwa kuwa hakufuata yaliyosemwa. Kazini hasikii akipigiwa ukelele wa hatari.

Jambo hili si geni. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow, Uskoti, aliwachunguza masikio mafundi 100 wa maboila, akawalinganisha na wapeleka barua. Mafundi wa maboila walikuwa wameharibika vibaya sana. Waajiri wamekuwa na zaidi ya miaka 130 ya kujua.

Leo kiasi kinachotumiwa na nchi nyingi ni desibeli 85 kwa zamu ya saa 8. Asiye na kipimo ajipime hivi: ikiwa lazima upaze sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, kelele imezidi. Na masikio yakilia baada ya zamu, hilo ni onyo.

Mwajiri hujibu: "Tuliwapa vizibo vya masikio, wenyewe hawavai." Ndugu, vizibo ni hatua ya mwisho, si ya kwanza. Mkataba Namba 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unataka kelele ipunguzwe kwanza kwenye mashine na katika mpango wa kazi. Vifaa vya kujikinga hufuata pale hatua hizo zisipotosha. Tena unasema uchunguzi wa afya usimgharimu mfanyakazi.

Kwa hiyo tudai haya. Mashine zitiwe grisi na vyuma vilivyolegea vikazwe. Zile zenye kelele kubwa zitengwe kwa ukuta. Watu wapokezane mahali pabaya. Masikio yapimwe siku ya kuajiriwa na kila mwaka, na kila mtu apewe matokeo yake. Bila kipimo cha siku ya kwanza, mwajiri atasema ulikuja kiziwi.

Kila tawi lilipeleke dai hili mezani pamoja na lile la mshahara. Mshahara ukikataliwa mwaka huu, tutaudai mwakani. Sikio likishakufa, hatuna wa kumdai atupe jingine.