Chakula Kilichookolewa Chahitaji Ghala

Wapo wasemao kwamba fedha za mchango ni za kununulia wenye njaa chakula, wala si za kujengea vyama vya hisani maghala. Hoja hiyo yavutia, lakini haina msingi.

Tutazame asili ya kazi hii. Mwaka 1967, mjini Phoenix, Marekani, John van Hengel alikuwa akikusanya matunda na mboga ambazo zingetupwa, akiwapelekea maskini. Parokia ya Mtakatifu Maria ikampa dola 3,000 na jengo lililoachwa. Humo ndimo ilimoanzia benki ya kwanza ya chakula duniani, na katika mwaka mmoja ikagawa ratili 275,000.

Chakula cha kuokoa hakijapungua. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05. Lakini maziwa na nyama vikikosa chumba cha baridi usiku mmoja tu, huishia jalalani vile vile. Na chama kinachohamahama kila kodi ya pango inapopanda kitafunga wapi mitambo hiyo?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiletewa karatasi ya mchango wa ghala kama hilo, usiulize yatanunuliwa magunia mangapi. Uliza jengo litaandikishwa kwa jina la nani, umeme utalipwa na nani, na nani atakagua hesabu.