Mgonjwa Aandikwe Akingali Hai

Faili la hospitali humtunzia marehemu tarehe ya kulazwa, dawa alizopewa na saa aliyokata roho. Halisemi kwa nini alimpa mwanawe jina la babu, wala alivyokutana na mkewe. Hayo yamo kifuani mwa mgonjwa, na asipoyasimulia mapema huzikwa pamoja naye.

Nchini Uganda, akina mama waliliona pengo hilo zamani. Katika miaka ya 1990, dawa za kufubaza virusi zilipokuwa haziwafikii wengi, wanachama wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na VVU, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Humo waliweka habari za ukoo, kuzaliwa kwa mtoto na maisha ya nyumbani. Uandishi huo uliwafungulia wazazi njia ya kuzungumza na watoto juu ya ugonjwa, na juu ya nani angewalea baadaye. Basi vitabu hivyo viliwafaa walio hai kabla ya kuwafaa waliofiwa.

Huko Kanada, daktari wa magonjwa ya akili Harvey Chochinov alibuni utaratibu wa namna hiyo: mgonjwa anayekaribia kufa huulizwa habari za maisha yake, majibu hurekodiwa na kuandikwa, naye huyasahihisha kisha huwaachia jamaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 haukuonyesha kwamba utaratibu huo ulipunguza dhiki kuliko huduma nyingine. Hata hivyo, walioupata walisema, zaidi ya wenzao, kwamba uliwaongezea hadhi na ungezisaidia familia zao.

Kwa hiyo masimulizi yasitukuzwe kupita kiasi. Hayaponyi saratani, wala hayachukui nafasi ya mofini. Anayeugulia maumivu makali hawezi kusimulia. Lakini maumivu yakishatulizwa, muuguzi ana wajibu wa kuuliza: je, kuna jambo ungependa watoto wako wakukumbuke kwalo? Asiyeweza kuandika asimulie, mjukuu aandike au arekodi kwa simu. Asiyetaka asishurutishwe, maana siri zake ni mali yake. Na daftari hilo likabidhiwe familia, lisihifadhiwe katika faili la matibabu.

Kazi hii haihitaji mashine wala bajeti kubwa. Inahitaji kuanza mapema, sauti ya mgonjwa ingalipo.